Karatasi za Binti Sultani: Kwa Nini Ziko Leiden na Si Unguja

Sayyida Salme binti Said alijifunza kuandika juu ya mfupa wa bega la ngamia. Katika majumba ya Sultani wa Zanzibar, katikati ya karne ya 19, watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani na masomo yao yakaishia hapo. Kalamu ilikuwa ya kaka zao. Salme akatafuta mfupa uliopauka kwa jua, akafungua msahafu mbele yake, akawa ananakili herufi moja baada ya nyingine kwa siri mpaka mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, na kwa maelezo yake mwenyewe lawama hizo hazikumkosesha usingizi.

Mkono huo ndio uliomponza. Mwaka 1859, Barghash alipokula njama ya kumpindua kaka yake, Sultani Majid, wenzake walihitaji mtu wa kuandika barua za kwenda kwa wakuu wa koo na za kuagizia bunduki, mtu wa ndani ambaye hakuna atakayemshuku. Binti wa miaka kumi na mitano akawa karani wa uasi. Uasi wenyewe ulizimwa kwenye shamba la Marseilles kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki Unguja katikati ya ndugu waliogawanyika. Barua alizoandika wakati ule tunazijua kwa kuwa miaka mingi baadaye alikuja kuzisimulia. Barua ya njama huchomwa ikishasomwa.

Nimeanza na barua hizo zilizopotea kwa makusudi. Tukizungumza juu ya nyaraka za zamani huwa tunatazama zilizobaki, tukadhani zimebaki kwa sababu zilikuwa muhimu kuliko nyingine. Kwa kawaida sababu ni nyingine kabisa. Anayeandika barua huitoa nyumbani kwake. Ikishafika, mwenye nayo ni aliyeipokea, na ni yeye atakayeamua kuitia kashani au kuwashia jiko. Kwa hiyo ukitaka kujua barua za watu fulani ziko wapi, usiulize waliishi wapi. Uliza walimwandikia nani, na huyo aliyeandikiwa alikuwa na kabati la namna gani.

Barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo kwa muda mrefu wanazuoni wamezitaja kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyotufikia, haziko Kilwa. Ziko Goa, India. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao wa pwani, na Goa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wareno katika bahari yetu. Vivyo hivyo barua za Kiswahili zilizozunguka mashariki ya Kongo mwishoni mwa karne ya 19, baina ya wafanyabiashara wa pembe na mawakala wao, leo zinasomwa katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Xavier Luffin, mwanazuoni wa Kibelgiji, amechapisha baadhi yake na kuchambua namna waandishi wake walivyoendeleza maneno. Pwani iliandika sana. Waliopokea, na wakati mwingine walioteka, ndio waliokuwa na ofisi, na ofisi haitupi karatasi.

Serikali nayo ilikuwa na dawa yake ya kukabili udhaifu huu wa barua. Katika ofisi za kibalozi za karne ya 19, barua haikutoka bila kwanza kunakiliwa katika daftari la barua zinazotoka. Hivyo balozi wa Uingereza mjini Unguja alikuwa na pande zote mbili za mazungumzo: alichoandikiwa, na alichojibu. Familia hazikuwa na daftari la nakala. Mama anapomwandikia mwanawe aliyesafiri, nusu ya maneno huondoka na jahazi.

Ndipo inapokuja habari ya karatasi za Salme, ambazo zimelala katika mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuishi.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Kicherkesi aliyeletwa akiwa mtoto. Baba alifariki baharini mwaka 1856, na mama akafuata miaka mitatu baadaye kwa kipindupindu. Akiwa na umri wa miaka 12 tu Salme alihesabiwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa fungu lake la urithi, shamba na fedha. Baadaye akaingia katika mapenzi na jirani yake wa Mji Mkongwe, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Mimba ilipoanza kuonekana, akatoroka. Ilikuwa Agosti 1866, na meli iliyomchukua ni manowari ya Kiingereza, Highflyer. Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, akabatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo ya ubatizo, tarehe 30 Mei 1867. Mtoto huyo alifariki mwaka huohuo.

Hamburg aliishi na mumewe miaka mitatu na kitu. Rudolph alikijua Kiswahili kutokana na biashara yake Unguja, na hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha, maana Salme alipofika hakujua Kijerumani. Watoto watatu walizaliwa. Agosti 1870 Rudolph akaanguka alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, akafa siku chache baadaye. Mwanamke ambaye nyumbani kwao alikuwa amekabidhiwa mali yake akiwa na miaka 12 alijikuta katika mji ambao sheria yake haikumwachia mjane kusimamia peke yake mali ya wanawe. Aliwekewa wasimamizi wanaume, akawa anaomba ruhusa ya kutumia fedha za nyumba yake mwenyewe.

Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa Berlin mwaka 1886. Ni kitabu kizuri, lakini kimeandikwa kwa ajili ya Mjerumani aliyekaa kwenye kiti chake akitaka kuambiwa nyumba ya Sultani ina vyumba vingapi na wake wa Kiarabu wanakula nini. Mwandishi anaeleza, anatetea, anasahihisha dhana. Hana nafasi ya kulia.

Kilio kimo katika maandishi mengine, yale anayoyaita barua za kwenda nyumbani. Anamwandikia rafiki wa kike aliyeko Zanzibar. Anamweleza baridi ya Ulaya, nyumba zilizofungwa madirisha, chakula asichokiamini, watu wanaomkodolea macho, ibada anayoifanya kanisani huku moyo haujui umesimama wapi. Anaeleza kifo cha mumewe na siku zilizofuata kwa namna ambayo msomaji hulazimika kufunga kitabu apumzike. Barua hizi hazikutiwa posta. Ni utunzi, simulizi ya maisha iliyovishwa kanzu ya barua, na wapo wanaoona kwamba kwa hiyo thamani yake kama ushahidi inapungua. Mimi naona kinyume. Mtu aliyekatwa na nyumbani kwao, aliyebadili dini katika ukoo usiosamehe jambo hilo, alipotaka kusema kweli alihitaji kujifanya anasema na mtu wa kwao. Alimbuni msikilizaji kwa kuwa hakuwa naye.

Na kwa kuwa hazikutumwa, zilibaki kwake. Angeziandika kwa kweli na kuzipeleka Unguja, zingeingia katika kasha la bibi fulani wa Hurumzi au Malindi, na mwisho wake ungekuwa wa makasha mengine yote ya mji ule.

Salme alifariki mjini Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Akazikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na mfuko wa mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameuweka miaka yote. Ni baada ya hapo ndipo wanawe walipoyakuta maandishi ya barua hizo.

Mmoja wa wanawe hao ndiye mtu wa kuangaliwa katika habari hii. Rudolph, mtoto wa pili kati ya watatu waliokua, alizaliwa Hamburg mwaka 1869. Alikuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani, kisha akafanya kazi Misri, ikiwamo ya benki, na baadaye akahamia London. Jina la babu akalibandika kwenye la baba, akawa Rudolph Said-Ruete. Mwaka 1929 alichapisha mjini London kitabu juu ya Sayyid Said. Alikuwa mkusanyaji: vitabu juu ya Oman na Zanzibar, makala, barua, mswada wa mama yake, vipande vya magazeti. Dada yake mkubwa, Antonie, alirithi kalamu kwa njia nyingine. Aliolewa na mtawala wa kikoloni wa Visiwa vya Marshall na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Lakini aliyejipa kazi ya kuuhifadhi ukoo ni Rudolph.

Miaka ya 1930 akakata shauri la kuutoa mkusanyo wake. Tujiulize: angeupeleka wapi? Ujerumani ilikuwa imeingia mikononi mwa Hitler, naye alikwisha kuipa kisogo. Zanzibar ilikuwa na makumbusho ya Beit al-Amani tangu 1925, lakini nyumba ya kuhifadhi nyaraka haikuwapo kabisa. Ilianzishwa 1956, miaka kumi baada ya Rudolph kufa. Leiden, kwa upande wake, kulikuwa na taasisi ya elimu ya Mashariki, na kulikuwa na jina la rafiki: Christiaan Snouck Hurgronje, yule mwanazuoni wa Kiholanzi aliyekaa Makka mwaka 1885 na kuandika juu ya mji huo. Kwa heshima ya rafiki huyo vitabu na karatasi za ukoo vikaenda Uholanzi, na huko viko mpaka leo, chini ya Chuo Kikuu cha Leiden.

Hakuna aliyeiba. Nasema hivyo kwa sababu mijadala ya siku hizi juu ya mali za Afrika zilizoko Ulaya imetuzoesha kumtafuta mwizi kila tunapoona kabati la Ulaya lina kitu chetu. Mara nyingi mwizi yupo. Hapa alikuwapo mwana aliyetafuta mlango ambao ungefunguliwa, akaupata mmoja.

Karatasi zilikaa kimya muda mrefu. Mwaka 1993 Emeri van Donzel, mwanazuoni wa Kiholanzi, alizitoa kwa Kiingereza katika kitabu kimoja kinene: kumbukumbu za mwaka 1886, barua za nyumbani, nyongeza ya kumbukumbu ambayo mama huyo aliiandika baadaye, na maelezo yake juu ya mila za watu wa Syria, maana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliishi Beirut zaidi ya miaka ishirini. Matini ya Kijerumani ya barua yalitolewa na Heinz Schneppen, aliyekuwa balozi wa Ujerumani nchini Tanzania, mwaka 1999. Kwa hiyo tangu kifo cha mwandishi mpaka barua zake kusomwa na watu ilipita miaka karibu sabini. Bila mwana mwenye subira na chumba kikavu, zisingevuka hata kumi.

Sasa linganisha na habari zake zilizomo katika kumbukumbu za serikali. Huko nako yumo, tena kwa wingi. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alizuru London. Dada yake akakimbilia huko kutafuta suluhu, na Waingereza wakamzuia wasionane. Mtu aliyetumwa kumshawishi ni Sir Bartle Frere. Kwa maelezo ya Salme, aliahidiwa kwamba wanawe wangesaidiwa masomo kama angenyamaza, na mgeni alipokwisha kuondoka ahadi ikayeyuka. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Bismarck. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar kumlazimisha Barghash akubali madai ya Ujerumani katika bara, na Salme pamoja na wanawe walikuwamo katika msafara huo, ndani ya meli Adler. Madai yake ya urithi yalikuwa karata ya ziada: binti wa Sultani, raia wa Ujerumani, anadai haki yake. Barghash hakukubali kumwona. Alipokubali masharti ya Wajerumani kuhusu bara, karata ile haikuwa na kazi tena. Barghash alifariki Machi 1888. Salme akarudi Unguja mwaka huohuo kujaribu kwa ndugu yake mwingine, Khalifa, akatoka mikono mitupu.

Ukisoma habari hizo katika majalada ya wizara, utamwona mwanamke huyu kama jambo la kushughulikiwa. Linafunguliwa, linaandikiwa maoni pembeni, linafungwa. Wanaomzungumzia wanajua bei yake kisiasa kwa wiki hiyo. Ni katika karatasi za nyumbani tu ndipo unapojua kwamba mwanamke anayeandikiwa maoni hayo alikuwa akihama kutoka mji hadi mji, Hamburg, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu apate kodi ya nyumba.

Hiyo ndiyo hoja yangu juu ya karatasi za ukoo. Jalada la serikali huhifadhi kesi. Karatasi za nyumbani humhifadhi mtu. Anayekosa za pili hubaki amesimuliwa na waliokuwa na shida naye.

Lakini tusimfanye Salme mtakatifu kwa sababu tu karatasi zake zimehifadhika vizuri. Katika kumbukumbu zake kuna sura nzima anayotetea utumwa. Anadai watumwa wa Waarabu walitendewa wema, anawashutumu Wazungu waliopigania kuukomesha, na anawasema Waafrika kwa maneno ambayo leo yanachoma. Mwaka 2019 mji wa Hamburg ulikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete. Mwaka uliofuata, baada ya watu kuisoma upya sura hiyo, wakuu wa wilaya wakaamua jina liondolewe. Baadhi ya Wazanzibari waliona ni ubishi wa Wajerumani wenyewe. Nadhani ni zaidi ya hapo. Jumba la Mtoni lilikuwa na mamia ya watu ndani yake, na wengi wao walipika, waliteka maji, walilea watoto wa Sultani. Tunao ushahidi wa mmoja aliyelelewa. Wa wale waliomlea hatuna, kwa kuwa hawakuachiwa hata mfupa wa ngamia.

Hatuna, yaani, kwa njia ya barua. Twende Kilimani.

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe, katika jengo ambalo wapita njia wengi hawajui limebeba nini. Mkusanyo wake wa hati na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Katika Nyaraka hizo zimo barua za masultani na karatasi za ubalozi wa Uingereza. Zimo pia orodha za kipindi cha Christopher Rigby, balozi wa Uingereza kuanzia 1858 hadi 1861, aliyewalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza wawaache huru watumwa wao. Maelfu waliachwa huru, wakaorodheshwa. Mstari mmoja kwa mtu mmoja: jina, asili yake, aliyemmiliki. Baadaye, baada ya amri ya 1897 iliyofuta utambuzi wa utumwa kisheria, zikaja hati za uhuru zilizotolewa mahakamani.

Pia kuna nyaraka za mikopo na rehani. Mtu anachukua fedha, anaweka shamba la mikarafuu au mzigo wa pembe utakaotoka bara, mashahidi wanatia majina, na hati inaandikishwa ubalozini. Mwanahistoria wa Kimarekani, Thomas McDow, alizitumia hati hizo katika kitabu chake cha 2018 kueleza jinsi deni lilivyowavusha watu kutoka vijiji vya ndani ya Oman hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Tabora na Ujiji. Ni karatasi kavu kabisa. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba amemkumbuka. Lakini ndani yake huwakuta watu waliokuwa na kitu kidogo, wanawake wenye vishamba, hata walioachwa huru wakanunua vyao, ambao hakuna mtoto aliyekwenda kuwatafutia kabati Ulaya.

Kati ya Leiden na Kilimani, basi, kuna pengo, na pengo hilo ni nyumba zetu. Mjini Unguja historia haikuzipa karatasi nafasi nzuri. Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mabomu majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, moto ukala kilichobaki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, Dubai, Uingereza. Aliyeondoka usiku na watoto watatu hakubeba sanduku la barua. Waliobaki nao, wengine walichoma wenyewe. Karatasi yenye jina la chama fulani au nasaba fulani ilikuwa hatari ndani ya nyumba.

Hata hivyo hazikuisha. Ukiwauliza watu wa Mji Mkongwe, Pemba, Lamu au Bagamoyo, kila mtaa una nyumba yenye kasha, na ndani ya kasha kuna hati ya nikaha ya bibi, hati ya wakfu yenye mgogoro, shajara ya ukoo iliyoandikwa upya kila kizazi, daftari la madeni ya duka, barua za mjomba aliyekwenda Muscat mwaka 1970 zikieleza bei ya vitu na kuulizia afya ya kila mtu kwa jina. Kuna picha zenye muhuri wa Capital Art Studio nyuma yake, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa mwaka 1930, na hakuna jina la aliyepigwa. Oman ilianzisha mamlaka yake ya nyaraka na kumbukumbu za taifa mwaka 2007, nayo hukusanya pia karatasi za watu binafsi. Si ajabu kwamba baadhi ya familia zenye asili ya Unguja zimepata huko mlango ulio wazi, kama Rudolph alivyoupata Leiden. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Sheria ipo. Mazoea ya mwananchi wa kawaida kudhani kwamba karatasi za bibi yake zina nafasi katika jengo la taifa ndiyo hayapo.

Kinachoziua si siasa tena. Ni mchwa, unyevunyevu wa masika, na wino wenye chuma ambao kwa miaka hula karatasi mpaka herufi zinatoboka zikabaki matundu. Kisha ni wema wetu wenyewe. Mtu anaona barua imechanika, anaibandika kwa selotepu; baada ya miaka gundi inageuka kahawia na kuondoka na maandishi. Mwingine anaipeleka kwa fundi wa laminesheni. Karatasi iliyochomewa ndani ya plastiki haitoki tena, na joto la mashine limekwisha kuikausha. Mwingine anatupa bahasha na kuweka barua, ilhali muhuri wa posta ulikuwa juu ya bahasha na barua yenyewe haina tarehe.

Wahifadhi wa nyaraka huwa na ombi ambalo wageni wengi huliona la ajabu: usizipange. Ukizikuta barua zimefungwa pamoja kwa uzi, ziache pamoja. Aliyezifunga alikuwa na sababu, na mara nyingine sababu hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa mfano barua za mume zikiwa zimekunjwa ndani ya hati ya talaka.

Liko pia suala la aibu, ambalo tusilipuuze. Karatasi za nyumbani zina siri: nani alikuwa mtoto wa suria, nani aliuza shamba la yatima, nani aliacha dini na nani aliirudia. Wapo wanaochoma kwa ajili hiyo, na siwalaumu. Ila kuna njia ya katikati ambayo hifadhi za nyaraka duniani zinaijua vyema. Mwenye karatasi anaweza kuzikabidhi kwa sharti la maandishi kwamba zisifunguliwe mpaka mwaka fulani, au mpaka watu waliotajwa wawe wametangulia wote. Wakati huo mjukuu atasoma bila mtu kuumia.

Wanaoweza kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu wanazidi kupungua. Vijana wanaisoma Kurani vizuri, lakini mwandiko wa haraka wa mfanyabiashara wa mwaka 1920, usio na irabu, wenye maneno ya Kiswahili ndani ya herufi ambazo hazikuundwa kwa ajili yake, huwashinda. Mzee anayeusoma leo kwa urahisi anastahili kurekodiwa akisoma. Simu inatosha.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wale watakaokaa kugawana vyombo vya marehemu mwaka huu. Karatasi ziwekeni kando kabla ya kugawana sufuria na vitanda, na msimkabidhi mtu wa kufagia. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na bahasha. Mwite mtu mzima kuliko wote katika ukoo, mwonyeshe picha za zamani moja moja, na majina atakayoyataja yaandike nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Kasha likae juu, mbali na sakafu na ukuta unaotoa jasho. Kisha nenda Kilimani, au ofisi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kama uko Bara, ukaulize namna ya kukabidhi. Kama moyo haujakubali kuiachia karatasi yenyewe, waombe wachukue nakala, uandike jina la ukoo na sharti lako juu yake, urudi na karatasi yako nyumbani.